Kanyaga Nyeusi, Shangazi

Siku ya kwanza tu ya ugeni wangu nilikaripiwa na mtoto wa miaka sita. Tulikuwa tunatoka kituoni kwenda nyumbani kwa mdogo wangu: mimi, wifi yangu na binti zao wawili, mizigo kichwani na mikononi. Tulipofika pa kuvukia barabara, penye ile mistari mipana myeupe, magari yakasimama kutupisha, nami nikaanza kuvuka kama watu wote wavukavyo. Yule mdogo, kitindamimba wao, akanivuta gauni.

"Shangazi, unakanyaga nyeupe."

"Sasa nikanyage nini, mama?"

"Kanyaga nyeusi. Nyeupe ni ya baba."

Kutazama mbele, namwona wifi yangu, mtu mzima na mwili wake, anaruka mstari mmoja baada ya mwingine huku begi langu likimdunda kichwani. Binti mkubwa naye anaruka. Nilicheka mpaka dereva mmoja akanipigia honi. Basi na mimi nikaruka, na miaka yangu hamsini na sita, magoti yakinung'unika.

Mdogo wangu kazi yake ni kuchora barabara. Mistari ya katikati, mishale, vivuko vya waenda kwa miguu, yote hiyo ina watu wake. Kazini wanamwita Kamba, maana kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mshika kamba. Mstari haunyooki kwa macho. Watu wawili huivuta kamba yenye chaki, wakaidundisha chini ikaacha alama, ndipo fundi apite juu yake na mashine. Rangi yenyewe si ya kopo. Ni unga unaopikwa kwenye pipa la gesi mpaka uwe kama uji mzito, ukimwagwa unakauka dakika chache tu, na juu yake hunyunyizwa chembe za kioo ndogo kama sukari ili taa za magari zikipiga pang'ae. Haya yote nilifundishwa kabla sijamaliza kikombe cha kwanza cha chai.

Na juma hilohilo nililofika, Mungu ni mwema jamani, mdogo wangu alikuwa amepewa mashine. Kivuko kizima mbele ya zahanati, mistari kumi na miwili, achore yeye mwenyewe. Alhamisi anachora, Ijumaa anakuja mkaguzi. Mkaguzi akikubali, Kamba anakuwa fundi wa mashine. Akikataa, anarudi kwenye kamba, na mashine anapewa mwenzake aliye nyuma yake kwenye foleni.

"Dada, usiniombee hapahapa mezani, utanitia wasiwasi," aliniambia, maana midomo yangu ilikuwa imeshaanza kwenda.

Yeye huyu nimemlea mimi. Mama alipotangulia mbele za haki, alikuwa na miaka saba. Kila asubuhi alifagia uwanja wetu kwa ufagio wa vijiti, mistari imelala sambamba kama nywele zilizochanwa, kisha anasimama mlangoni na kutukataza kupita. Majirani waliniambia nimchape. Sikuweza. Tulikuwa tunazunguka kwa ukutani, hata na ndoo za maji kichwani, ili tusimharibie. Kwa hiyo nilipomwona wifi akiruka na begi langu, nilijua ugonjwa ule ulikoanzia.

Wageni wengine hupelekwa bustanini. Mimi kila alasiri, akishatoka kazini na kuoga, nilipelekwa kuona barabara. Jumanne tulikwenda maegesho ya magari ya hospitali kubwa, wote watano, na chupa ya chai na mkate uliopakwa siagi. Mlinzi wa pale alimfahamu.

"Kamba, leo umekuja na ukoo mzima?"

"Hawa ndio wakaguzi wangu. Kaa mbali na mistari."

Tukaketi kwenye ukingo, tukanywa chai, akatuonyesha mshale ambao kamba yake iliyumba kidogo kwa upepo. Mimi sikuona kilichoyumba. Wifi alisema hata yeye haoni, ila kwa ajili ya amani ya ndoa huwa anasema anakiona. Jumatano tulipanda ghorofani kwenye jengo la maduka, orofa ya tano, ili tuutazame mzunguko wa barabara kutoka juu. Nilishika chuma cha dirisha nikatazama chini. Magari yanafuata mistari kama ng'ombe wanaofuata njia ya kisimani. Mdogo wangu, mtoto wa ufagio, ndiye aliyenyoosha kamba ile yote.

Alhamisi alfajiri tulikuwa mbele ya zahanati kabla ya magari kuanza. Alisukuma mashine kama anayesukuma kitanda cha mgonjwa, polepole, ulimi umebanwa kwenye kona ya mdomo. Mstari wa kumi na mbili ulipokwisha alivua kofia, akaivaa tena.

Ijumaa mkaguzi akaja. Mtu mfupi, viatu vyeusi vya kung'aa, na kigoda chake cha kukunja. Alikiweka kivulini kwenye ukuta wa zahanati, jirani na benchi la wagonjwa. Mdogo wangu alikuwa ng'ambo ya pili ameshika bango la kusimamisha magari, na amri ni moja: haondoki pale, wala hazungumzi na mkaguzi mpaka aitwe. Mkaguzi naye ana namna yake. Hakutazama mistari kwanza. Alitazama watu wanaovuka.

Nasi tukavuka. Tulitoka ng'ambo kuja benchini tupate kushuhudia, wanne, mmoja nyuma ya mwingine, tukiruka nyeupe na kukanyaga nyeusi kama tulivyozoea. Nyuma yetu alikuwa mama mwenye kikapu. Alipotuona tunaruka, naye akaruka. Mwenye baiskeli akainyanyua baiskeli yake. Muuguzi akapandisha sketi kidogo akaruka. Ndani ya robo saa hakuna aliyethubutu kugusa nyeupe, kila mtu anamfuata wa mbele yake.

Mkaguzi akanigeukia. "Samahani, mama. Mbona huku mnavuka kwa kuruka?"

"Mimi nimezoea tu, baba."

"Na yule wa kikapu amezoea? Na wa baiskeli?" Akatoa kalamu. "Rangi ikipikwa vibaya inanata. Watu hujua kabla yangu. Juma lililopita nilikanyaga mstari wa namna hii, viatu vikabaki palepale, nikarudi nyumbani na soksi."

Wifi alinifinya mkono. Nikasema kweli, maana uongo siuwezi: "Yule mwenye bango ni mdogo wangu. Huyu mkewe, hawa binti zake. Sisi kwetu hatukanyagi nyeupe, ni heshima tu. Hao wengine wamefuata mkumbo."

"Mama yangu, kila kivuko ninachokikataa kina dada yake na maelezo yake."

Akafungua daftari. Nikatazama ng'ambo. Mdogo wangu ameshika bango kwa mikono miwili, uso ni uleule wa mlangoni, wa miaka saba. Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya kwendea ibadani, vyeusi juu hadi soli. Nikasema moyoni, Bwana nisaidie, nikainuka.

Nilikanyaga mstari wa kwanza kwa kisigino na vidole. Nyuma yangu nikasikia, "Shangazi, nyeupe." Nikakanyaga wa pili. Nilikanyaga kama mtu anayeshindilia udongo wa sakafu, kumi na miwili kwenda, kumi na miwili kurudi, na sikuthubutu kumtazama mdogo wangu nilipogeukia miguuni pake. Niliporudi nilivua kiatu nikampa mkaguzi mkononi.

"Hebu tazama, baba."

Alikigeuza. Akasugua soli kwa kidole gumba, akanusa kidole, akasugua tena. Vumbi tu. Akanirudishia kiatu kwa mikono miwili, akaenda mwenyewe. Mguu mmoja kwanza, kwa ncha, kama anayepima maji ya kuoga. Kisha yote miwili. Kisha akachuchumaa na futi yake, akapima upana, akapima nafasi, akalaza shavu karibu na lami kutazama unyoofu, na hapo alikaa sana. Mimi nilisimama na kiatu kimoja mguuni, nimesahau kingine.

Akamwita. Hatukusikia yote, ila mwisho alipaza sauti ili na sisi tusikie: "Jumatatu chukua mashine. Lakini watu wako wakipita hapa wavuke kama watu, wasinitishie wananchi."

Wifi aliketi chini palepale kando ya barabara akacheka na kulia pamoja. Mdogo wangu alikuja, akanitazama miguuni, si usoni.

"Dada, umekanyaga yote."

"Yote, na kurudi."

"Ule wa saba ulikuwa na tone la pembeni. Umeuona?"

"Sijauona, baba. Umenyooka."

Jioni ile tulirudi kwa njia ya kile kivuko cha siku ya kwanza. Tukafika, tukasimama wote, hakuna aliyejua aanze na mguu gani. Gari likasimama kutusubiri. Mdogo wangu akasema, "Haya, kanyageni."

Kitindamimba akamtazama. "Nyeupe yako?"

"Yangu. Kanyaga taratibu."

Mtoto akavua ndala zake, akazishika mkononi, akaweka unyayo juu ya mstari wa kwanza. Akasimama hapo.

"Baba, una moto," akasema, maana jua lilikuwa limeuchoma mstari mchana kutwa.

Akaendelea hivyohivyo, mmoja mmoja, hauruki hata mmoja, nasi sote nyuma yake. Dereva alisubiri mpaka akazima injini.