Mkaja wa Bi Raya

Naikumbuka siku ulipoletwa mkaja wangu, mwanangu, na kila nikialikwa harusini hunirudia. Wewe unaolewa mwezi ujao, na nasikia mama zako wadogo wameshaanza maneno juu ya huyo mke wa baba aliyekulea. Basi kaa unisikilize.

Mama yangu alifariki siku aliyonizaa, pale Kisiwa Panza. Jirani yake Bi Raya, ambaye hakujaaliwa kuzaa, alinichukua kitovu changu hakijakauka. Alininywesha maziwa ya mbuzi kwa kijiko. Aliniuguza surua, akanipeleka chuoni kusoma Kurani, akaokota chaza wa kuuza mpaka nyayo zikapasuka ili mimi nivae viatu skuli. Nilimwita mama, na kweli sikumjua mwingine.

Watu wa mume wakaja na sinia, na juu yake mkaja. Mzazi akijifungua hufungwa tumboni kitambaa kiitwacho mkaja, ndiyo maana binti akiolewa mamaake hupewa zawadi ya jina hilo, kuliheshimu tumbo lililombeba. Mama yangu mdogo, ambaye nilikuwa nikimwona sikukuu kwa sikukuu, akalivutia sinia kwake.

"Raya hajafungwa mkaja maisha yake," alisema mbele ya wanawake wote. "Hii haki ya damu. Muulizeni mwenyewe."

Nikaulizwa. Mama mdogo alikuwa mtu wa Mkoani mjini, mwenye nyumba na jina, na wakwe walikuwa wakinitazama. Nami nilikuwa na kichwa kikubwa siku zile.

"Mpeni mama mdogo," nikasema. "Ndiye wa damu."

Bi Raya aliinuka akaenda jikoni kuutazama wali, akausimamia mpaka mgeni wa mwisho alipokula.

Nikahamia kwa mume Makangale, mbali kule kaskazini. Nilijua nimekosa. Kila mwaka nilisema nitakwenda kumwomba radhi, kila mwaka haya zikanishika. Nikawa nampelekea kanga kwa mikono ya watu, naye akinirudishia pweza mkavu na salamu. Kanga zile zilikuwa woga wangu, si kitu kingine.

Asubuhi moja simu ikalia: Bi Raya hajiwezi, anakuulizia. Nikasema acha nimalize kuanika karafuu. Nilipofika, siku ya tatu, alikuwa ameshalazwa kwenye kitanda cha kuoshea maiti.

Mwoshaji alinizuia mlangoni. "Wee nani wake?"

Swali lile nilishalijibu zamani, mbele ya watu, na kisiwa kizima kililijua jibu langu.

Bibi mmoja jirani akasema kutoka ndani, "Mwache apite. Ntu huyu siku tatu akiuliza, 'Mwanangu kaja?'"

Nikamwosha. Nilipofika tumboni niliinama nikamwomba radhi sikioni, na maiti haisemi. Mpaka leo sijui alikufa yu radhi nami au la, na nitakufa bila kujua.

Basi mwanangu, mkaja wako ni wa aliyekulea. Usingoje kuulizwa. Lichukue sinia kwa mikono yako, umpe mbele ya hao hao mama wadogo. Na kama umewahi kumvunja moyo, mwombe radhi leo, angali anasikia. Karafuu zitaanikwa na wengine.

Mungu akupe kizazi chema, na siku ukimzika mama huyo, akujaalie uwe umeshasikia kwa kinywa chake kwamba yu radhi nawe. Amin.