Jino Lililoota Nyuma

Simu ilinikuta Kitale nikianika nguo. Alikuwa wifi yangu, akinong'ona kutoka kwao Matulo, ambako msichana wangu alikuwa kwa likizo. Ati kesho nyanya yake anampeleka soko la Misikhu, kwa mzee anayeng'oa watu meno na koleo. Jino la chini limeota nyuma ya lile la zamani, na nyanya ameamua hilo la nyuma ndilo litoke.

Nguo niliziacha kwa beseni. Jioni nilikuwa mlangoni pa mama mkwe, na salamu nilizimeza.

"Ameng'olewa?"

"Bado. Keti unywe chai."

"Sitaki chai! Na kama hilo la nyuma ndilo la kudumu? Mtoto akae na pengo mpaka aolewe?"

Mama mkwe akacheka, mapengo yake mawili ya chini nje. Enzi za usichana wao walikuwa waking'olewa meno hayo, ndiyo mila.

"Mimi sikulia hata. Hilo ni mgeni. Mgeni anapitaje mlango wa nyuma na mwenye nyumba yuko?"

"Basi kesho tunaenda Bungoma kwa daktari wa meno. Mwambie hayo wewe mwenyewe."

Na alimwambia! Alisimama kando ya kiti cha wagonjwa akamsomea daktari kesi kama chifu. Daktari, kijana tu, akatikisa jino la mbele kwa kidole.

"Kukhu," akamwita nyanya kwa lugha ya kwao, "mimi sing'oi jino kwa sababu limechelewa kufika. Naling'oa likioza mpaka kwa mzizi, likipasuka vibaya, fizi zikishindwa kulishika, ama meno yakisongamana yakose pa kukaa. Ama likiwa la utoto na limekataa kutoka, kama hili la mbele. La nyuma ndilo la maisha. Likipewa nafasi, ulimi utalisukuma polepole lije mbele."

"Ati mzee ndiye anafukuzwa?"

"Amemaliza kazi yake, kukhu."

Mama mkwe akanigeukia, akanipima kutoka kitambaa hadi viatu. "Sasa nimeelewa. Hata huyu aliota nyuma yangu, na tangu aje ananisukuma tu."

Daktari alicheka mpaka akaweka sindano chini. Mimi nilikuwa nimenuna tangu Kitale, lakini kicheko kilinitoka kupitia puani.

"Mama, si mwache kucheka, mimi ndio naogopa!" mtoto akalia. Haukupita muda, jino likawa nje, la mbele, na la nyuma likabaki mahali pake.

Mama mkwe alilidai. "Lete hapa. La kwetu halitupwi kwa pipa." Tulirudi nalo Matulo likiwa ndani ya pamba, na mtoto akalirusha juu ya paa la jikoni kwa nyanya yake, kama wanavyofanya watoto wote, ili jipya likue vizuri. Likateleza kwenye mabati, krr, likaanguka miguuni pa mama mkwe.

Aliliokota, akaliangalia, kisha akaniangalia mimi.

"Umeona? Mzee hatoki hivi hivi."

"Rusha tena, mama," nikamwambia. "Halafu tunywe ile chai."