Nepi za Deolinda

Arsenio Benegas aliuza nyama katika soko la mji wa Encarnación tangu ujanani hadi magoti yalipomkataa, na hakuna aliyewahi kumwona akikosa la kusema. Mteja akisitasita mbele ya meza yake, alimtania: "Mama, huyu ng'ombe ameshakufa, hatakuuma. Sema unataka wapi!"

Lakini kiharusi kilipompiga mkewe, Deolinda, na muuguzi akamtuma Arsenio akanunue nepi za watu wazima, ulimi ulimganda.

Aliingia duka kubwa la karibu na stendi akijifanya mpita njia. Akashika sabuni, akairudisha. Akanusa mkate. Binti wa duka, aliyevaa fulana nyekundu, akamsogelea.

"Mzee, nikusaidie nini?"

"Naangalia tu, binti yangu."

Alipoona picha ya mtoto mchanga kwenye pakiti, alinyakua iliyokuwa kubwa kuliko zote, akalipa na kuondoka mbiombio.

Nepi za kichanga zitamfunga vipi mtu mzima? Alizikata, akaziunga kwa utepe wa gundi, zikaachia. Deolinda alikuwa mshonaji, mwanamke ambaye shuka zake zikianikwa mtaa mzima ulijua ni zake kwa weupe. Sasa alilala amelowa.

"Rudi ukaulize," alimwambia mumewe, maneno yakimtoka kwa shida. "Ila chini chini. Cirila asije akajua."

Cirila alikuwa jirani yao. Shuka zile zilimkera miaka nenda rudi.

Arsenio akarudi. Safari hii alimfuata yule binti mwenyewe, akamwinamia sikioni.

"Binti, nataka zile... za mgonjwa."

"Dawa? Duka la dawa ni hapo jirani."

"Si dawa. Za kuvaa."

"Soksi?"

"Za ndani, mwanangu. Za mtu asiyeweza kujizuia."

Binti akageuka, akapaza sauti hadi kwa keshia: "Ramonaaa! Nepi za wazee mmezipanga wapi? Kuna babu hapa anavuja!"

Foleni nzima ikageuka. Kijana mmoja akaangua kicheko. Damu ilimpanda Arsenio usoni, na kabla hajafikiri, mdomo wake ukampigania: "Si zangu! Ni za mke wangu, Deolinda!"

Ndipo alipomwona Cirila kwenye foleni, ameshika kikapu.

Jioni hiyo Cirila alikuja na chipa, vimkate vya jibini, za moto chini ya kitambaa, akakaa kitandani pasipo kukaribishwa. "Pole, shoga yangu. Nimemsikia mumeo dukani akipiga kelele kuwa nepi si zake, ni zako. Sasa hizo shuka anakufulia nani?"

Deolinda alitabasamu kwa upande wa mdomo uliobaki hai, akashukuru. Mgeni alipotoka, alimtazama mumewe.

"Wangedhani ni zako, ungekufa?"

Arsenio akafungua pakiti ya nepi alizonunua. Akasema tu, "Ulimi uliniponyoka, mama."

"Haukuponyoka. Ulikimbilia kukuokoa wewe."

Nepi zile zilimkaa sawasawa. Deolinda aliishi hadi msimu wa baridi ulipopita. Siku zote hizo alimwacha mumewe ambadilishe na kumwosha, uso kaugeuzia ukutani, na hakumsemesha tena ila alipotaka maji.