Siku Niliyoitaja Kazi Yangu

Kwa miaka minne, kila mtu kanisani aliponiuliza ninafanya kazi gani, nilijibu kwamba niko na kampuni ya usafi, kisha nikageuza mazungumzo. Wakenya wenzangu hapa Minneapolis, Marekani, wengi ni wauguzi. Mimi naendesha lori la kunyonya uchafu kwenye vyoo vya plastiki, vile vinavyowekwa penye ujenzi na sherehe. Mke wangu na binti yetu tu ndio waliojua.

Jumapili moja baada ya ibada, familia tatu zilikuja kula kwetu Columbia Heights. Tulipokuwa tukinywa chai, binti yetu aliweka filamu ya kuchekesha ya Australia ambayo mwenyewe hakuwa ameitazama. Punde nikaona lori, mpira wa kunyonyea, na mwanamume mpole aliyekuwa akishughulika na vyoo vya watu. Sebule nzima ilicheka. Mimi nilikuwa natokwa jasho.

Mzee mmoja wa kanisa akapangusa machozi ya kicheko. "Kweli mtu wetu anaweza kutoka Kenya, apande ndege, aje kufanya kazi kama hii?"

"Mimi nilipanda," nikasema. "Hiyo ndiyo kazi yangu."

Binti yangu akasimamisha filamu. Yeye huelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza. Siku hiyo alisema kwa Kiswahili, polepole, "Baba anaifanya vizuri sana."

Mzee akanigeukia. "Ndugu yangu, nisamehe."

Mkewe akauliza kama uchafu haugandi wakati wa baridi kali. Nikamweleza kwamba tunatia vyooni maji ya chumvi, ambayo hayagandi upesi. Wakauliza lingine, na lingine. Tulipoendelea na filamu nilicheka kuliko wote, maana mambo mengine ni mimi tu niliyeyaelewa.

Mwezi wa saba mzee alinipigia simu. Alikuwa anamwoza binti yake kwenye bustani moja Inver Grove Heights.

"Tumekodi vyoo viwili," akasema.

"Wageni ni wangapi?"

"Mia nne."

"Na mtawapa chai na soda?"

"Sana."

"Basi mzee, hivyo viwili vitajaa kabla keki haijakatwa."

Nikampangia vinane na masinki ya kunawia, nikavipanga mwenyewe mahali tambarare, upande ambao upepo hautaelekea mezani. Siku ya harusi nilivaa suti, lakini kila baada ya saa moja nilipita kukagua. Nyanya wa bibi harusi, aliyetoka Kisii wiki hiyo, aliingia kimoja akiwa na wasiwasi, akatoka akisema hajaona choo cha sherehe kisafi namna ile.

Baada ya keki mzee alishika maikrofoni, akaniita mbele. Niliwaambia wageni wote, bila kuzungusha, kwamba mimi husafisha vyoo. Wakasimama, akina mama wakapiga vigelegele, na mke wangu akaja kunishika mkono.

Wiki iliyofuata wanaume wawili walinipigia kuuliza kama kampuni yetu inaajiri.