Neno Alilolirudia Mama

Usiku ule nililala sakafuni kando ya kitanda cha mama, nimeshika pindo la shuka lake ili akisogea tu niamke. Tangu kiharusi kimwangushe, Kiswahili chote kilikuwa kimemtoka, na Kilingala pia. Kilichobaki ni lugha ya utotoni mwake, Kibanda cha Wabanda wa karibu na mto Ubangi, ambayo mimi, niliyezaliwa Kisangani, sikufundishwa. Alirudia neno moja tu. Katikati yake mdomo wa chini uliingia nyuma ya meno ya juu, kisha ukachomoka kwa kishindo kidogo. Tulimletea maji, akayamwaga. Tulimletea uji, akafumba kinywa. Mtaa mzima hatukupata hata mtu mmoja anayeijua lugha ile.

Usingizi ukanizidi, nikamwona Koko, bibi yangu mzaa mama, aliyefariki nikiwa bado mtoto. Yuko jikoni kwetu anamenya mihogo. Mara si jikoni tena. Tumesimama mtoni, maji yanatufika magotini, naye amenishika kidevu.

"Sema."

Nauvuta mdomo ndani, naupiga nje. Unatoka upepo mtupu. Narudia mpaka mdomo unauma, nalia.

"Koko, mama hali kitu! Atanifia mikononi na sijui anataka nini."

Analitamka lile neno polepole, mara kwa sauti ya juu, mara ya katikati, mara ya chini. Mdomo unapiga vilevile, lakini nasikia maneno matatu tofauti.

"La juu ni mvua," anasema. "La kati ni jiwe. Hili la chini ni mama. Haombi kitu, mjukuu wangu. Ananiita mimi."

Namng'ang'ania mkono.

"Usije, Koko. Nakusihi, usije kumchukua."

Maji yameshamfika kifuani.

"Basi itika wewe."

Nikaamka. Kulikuwa kumepambazuka, na mama alikuwa akiita. Sauti ilishuka, na kwa mara ya kwanza niliisikia ikishuka. Nikapiga magoti, nikamjibu kwa lugha pekee niliyokuwa nayo.

"Naam, mwanangu. Niko hapa."

Akaacha kuhangaika. Akalaza shavu kwenye kiganja changu, akaanza kunisimulia jambo refu kwa Kibanda huku machozi yakimtiririka. Sikuelewa hata neno moja. Kila aliponyamaza kuvuta pumzi, niliitika.