Mwanangu Ndiye Aliyerusha

Siku yangu ya kwanza kazini nilifundishwa kitenzi kimoja tu, nacho hakijaniacha hadi leo nimestaafu. Mudir wa kituo cha televisheni cha Ibra, mkuu wetu, alikuwa Muomani aliyezaliwa Unguja mjini, na Kiswahili chake kilikuwa cha kupigiwa pasi. Alinisimamisha mbele ya mtambo mkubwa kama kabati la nguo.

"Hii ndiyo transmita," alisema. "Picha inatoka Maskati, inapokewa na sahani ile kule kilimani, inashuka hapa, na sisi tunairusha majumbani. Wewe una shahada?"

"Ndiyo, mudir."

"Iweke mbali na umeme. Nikisema rusha, bonyeza hapa. Nisiposema, mikono mifukoni."

Mikono ikakaa mifukoni. Chuo kikuu nilisomeshwa namna mawimbi yanavyosafiri. Ibra nilipangusa vumbi. Sahani zetu, niwaeleze nyinyi mliozaliwa na simu mkononi, zilitazamana kilima kwa kilima kama wasengenyaji wawili. Mmoja akigeuza uso kidogo, habari imekatika. Upepo ukishageuza sahani, Maskati walituletea kanda kwa gari, nasi tukairusha wenyewe.

Ndivyo ilivyokuwa chombo cha angani cha Wamarekani kilipovunjika, muda mfupi tu baada ya kupaa, na watu saba ndani yake, mmoja wao mwalimu wa skuli. Sahani yetu ilikuwa imegeuka. Kanda ikatufikia siku ya pili, picha tupu, haina sauti. Mudir akataka tuitazame kwanza. Moshi mweupe ulipanda umenyooka, kisha ukagawika mara mbili kama pembe. Baadaye zikaja nyuso za watu waliosimama chini wakitazama juu, mikono wameikinga machoni, wengine bado wanatabasamu.

"Hawajajua," alisema mudir kwa sauti ndogo, kana kwamba wangemsikia.

Akavua kofia, akaivaa tena. "Rusha."

Nikarusha.

Nyumbani kwetu wanawake wa mtaani walikuwa wamejaa sebuleni, mbele ya televisheni. Mama yangu, kwa fahari ya mzazi aliyekwisha kuchoka kueleza kazi ya mwanawe, akasema: "Hicho mnachokiona, mwanangu ndiye aliyerusha."

Bi Zuwena, jirani yetu, akaweka kikombe chini. "Yeye? Karusha hicho?"

"Kwa mkono wake."

Kwa Kiswahili chetu picha hurushwa, na roketi hurushwa. Hakuna aliyeuliza zaidi. Ijumaa yake, muuza duka alinishika mkono kwa mikono miwili akaniambia, "Pole, bwana. Ajali kazini."

Nilicheka, na Mama alicheka kunizidi. Halafu nikahamishiwa Sur, ambako chumvi ya bahari ilitafuna nyaya zetu, nikakuta habari imeshanitangulia. Mhandisi wa kituo, mtu asiyejua mzaha, alinitazama vidole. "Wewe ndiye yule? Hapa husogelei kitu bila bismillahi." Sikujua kama ni dini au ni usalama kazini.

Nizwa, kituo changu cha mwisho, habari ilikuwa imeota sauti. Fundi mmoja wa kuchomea vyuma pale Firq, aliyekulia Ibra katika familia iliyotoka bara, aliniambia mlipuko ule ulitikisa madirisha ya kwao.

"Kanda ilikuwa bubu," nilimwambia. "Niliirusha mimi."

"Bubu? Wallahi nilijiziba masikio. Na yule mwalimu alitupungia mkono dirishani, huu hapa, wa kushoto."

Hapakuwa na dirisha katika picha ile, wala mkono. Lakini mwingine alinisimulia hivyo hivyo Sinaw, mnadani kwa mbuzi, na mwingine msibani Jalan, watu wasiojuana. Kila mmoja aliinua mkono wa kushoto. Mwaka jana, harusini, kijana wa ukoo wetu alinijia na adabu zake zote. "Shikamoo, ami. Hiki roketi ulikirusha kutoka wapi, Ibra?" Nikamsahihisha ngeli, kwa kuwa lile jingine nilikuwa nimeshachoka kulisahihisha.

Nyinyi vijana huniuliza kazi yetu iliacha nini. Iliacha hicho. Tulidhani tunarusha picha zikafike na kuisha, kumbe zilifika zikakaa, zikazaa. Na siku hizi nikijaribu kuikumbuka kanda ile nasikia kishindo. Halafu dirisha. Halafu mkono. Najua haukuwapo, na ninauona. Kinachonitisha zaidi ni kwamba kidole changu kinabonyeza kwanza, ndipo moshi unapoanza kupanda.

Mama sasa ni mtu mzima sana. Amesahau kama amekula, amesahau kwamba baba amekufa, ila habari hii hakuisahau. Amehama tu: zamani alikuwa upande wa wanaocheka, sasa yuko upande wa Bi Zuwena. Kila baada ya adhuhuri huwaombea wale saba, akiwahesabu kwa vidole, kisha hunitazama.

"Sitaki kufa, mwanangu, na wewe una roho za watu shingoni."

Nimemchorea sahani na vilima kwenye sinia. "Mama, mimi nilirusha picha."

"Picha inaua?"

"Haiui."

"Na hao hawakufa?"

Nikalifuta sinia. Mama akaanza kukataa chakula. Juzi alinishika mkono, baridi vile, akaniuliza, "Umewataka radhi wenyewe?"

Televisheni ilikuwa imezimwa. Katika kioo chake cheusi nilituona sote wawili tumekaa, tunatazama.

"Nimewataka, Mama."

"Wakasemaje?"

"Yule mwalimu alinipungia mkono."

Mama akanikazia macho. "Mkono gani?"

Sikuwa nimewahi kumsimulia habari ya mkono, wala yeye hakuwahi kunisimulia.

"Wa kushoto."

"Huo huo," alisema, akaachia vidole vyangu, akaomba uji.