Tope la Josho

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Mifugo wa Wilaya alinikabidhi buti za mpira, daftari na josho moja nje ya Nshamba. Miaka ile ya mwanzo ya Uhuru josho lilikuwa handaki la saruji lenye maji ya aseniki, sumu ya kuua kupe. Ng'ombe anatumbukia huku, anaogelea, anatokea kule. Mimi nilipima nguvu ya dawa: ikizidi inamuunguza ng'ombe, ikipungua kupe wanakucheka.

Ng'ombe huacha samadi na udongo ndani ya josho. Vikituama chini vinakuwa tope jeusi, nalo lazima lizolewe. Sasa Mhaya na samadi hamuwezi kuwatenganisha, kwa kuwa kibanja chake, ile migomba na mibuni inayozunguka nyumba, hakiishi bila hiyo.

Wakati wa ujamaa tukaambiwa mgeni mkubwa anakuja kukagua kijiji, josho lisafishwe. Niliomba tuchimbe shimo tufukie tope. Bwana Mifugo mpya, mtu wa suruali iliyonyooshwa pasi, akasema, "Mwaga pembeni, mvua itamaliza." Nilimweleza kwamba aseniki haiozi, inabaki udongoni miaka na miaka. Akaniuliza kama nataka uhamisho.

Mgeni mwenyewe hakuja. Niliporudi joshoni keshoye, lundo lote la tope tulilomwaga pembeni lilikuwa limebebwa kwa vikapu. Aliyebeba zaidi ni Mae Kokugonza, mjane aliyelea wajukuu wanne. Nilimkuta kibanjani kwake, ameshalitandaza kwenye tuta na kupanda mboga juu yake. Nikamwambia ile ni sumu, mboga zitaifyonza, haitawaua leo lakini itawaharibu watoto polepole.

"Mwana wange," alisema, "mwaka jana ulisimama nje ya kanisa baada ya misa ukatuambia samadi ni uhai. Leo ni sumu. Nikuamini siku ipi?"

Kweli nilisema, tena kwa sauti kubwa. Niliona hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilinihusu mwenyewe.

Nikapeleka udongo wa tuta lile Bukoba ukapimwe. Wakasema udongo ni kazi ya watu wa kilimo, mimi ni wa mifugo. Watu wa kilimo wakasema tope ni mali ya josho. Nilizungushwa hivyo mpaka nikahamishiwa Kanazi. Huko nikasikia wajukuu wawili wa Mae Kokugonza wameota sugu viganjani na madoa meusi mwilini, na zahanati imewapa mafuta ya kupaka.

Sasa nimestaafu, naishi Nshamba. Mjukuu mkubwa wa Mae Kokugonza, mama mtu mzima, bado analima tuta lile lile na kuuza mchicha gulioni. Nimemweleza mara tatu. Anasema mchicha wenye sumu haustawi hivyo. Basi kila siku ya gulio nanunua mafungu yote, naenda kuyafukia. Mke wangu anasema akili imeniruka.

Wiki iliyopita yule mama alinipokea kwa furaha.

"Waitu tata," akasema, akiniita baba kwa heshima, "kwa ajili yako nimeongeza tuta la pili, pale pale kando ya lile."